Macho Yaliyobanwa: Wasomaji na Watazamaji wa A Clockwork Orange

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naomba nianze na mzee mmoja aliyekumbatia vitabu.

Yumo katika sura ya kwanza ya A Clockwork Orange, riwaya ya Mwingereza Anthony Burgess iliyotoka mwaka 1962. Ni usiku, anatoka maktaba, ana mwavuli na vitabu vyake vya elimu ya fuwele. Alex, kijana wa miaka 15, na wenzake watatu wanamsimamisha kwa adabu za kejeli. Wanavichana vitabu, wanamtoa meno ya bandia na kuyakanyaga, kisha wanampiga mpaka anatapakaa damu. Yaani mtu wa kwanza kuumizwa ndani ya kitabu hiki ni msomaji. Mimi siamini kwamba hilo lilijitokea tu.

Stanley Kubrick alipoitengeneza filamu yake mwaka 1971, mzee huyo alimwacha. Wa kwanza kupigwa kwenye filamu ni mlevi asiye na makazi, amelala njiani chini ya daraja anajiimbia. Kitabuni mlevi yupo pia, ila zamu yake inakuja baadaye. Itazameni picha yenyewe: taa iko nyuma ya vijana, vivuli vyao vinatangulia, virefu, vinamfikia mlevi kabla ya fimbo. Inapendeza! Hapo ndipo watu walipokasirika, na nadhani walikuwa na haki ya kukasirika, ingawa sababu waliyoitoa haikuwa hiyo.

Sasa turudi kwa msomaji. Burgess alimpa Alex lugha ya mitaani aliyoibuni mwenyewe, sehemu kubwa ikitokana na Kirusi. Rafiki ni "droog", kuona ni "viddy", damu ni "krovvy". Faharasa hakuitaka, msomaji ajitafutie. Mara ya kwanza nilipokisoma nilikwenda kwa kukwaakwaa, narudi nyuma, nabahatisha. Kufika kama ukurasa wa 30 nikajikuta nasoma mbio, tena nafurahi kwamba nimeshaelewa. Nikasimama. Nilikuwa nimefurahia nini? Mtu anavunjwa mbavu, nami najipongeza kwa kufumbua msamiati! Ndivyo kitabu kinavyomnasa mtu: huwezi kukisoma bila kujifunza lugha ya genge, na ukishaijua, Alex anakuita ndugu yake, naye kwa kiasi fulani hakosei.

Filamu haina subira hiyo. Maneno yale yale yanasemwa, lakini jicho halisubiri tafsiri. Ngumi ni ngumi. Nyumbani kwa mhusika mmoja ambaye ni mwandishi, mkewe anavamiwa huku Alex anaimba wimbo mchangamfu wa mvua, "Singin' in the Rain", wimbo wa zamani ambao Malcolm McDowell, mwigizaji wa Alex, aliamua kuuimba pale pale wakati wa kupiga picha. Nimewahi kukaa na watu wakiitazama sehemu hiyo. Kuna wanaogeuza uso, kuna wanaotoka, na kuna wanaocheka kisha wakaangalia huku na huku kama wameonekana. Hao wa mwisho ndio huwa nataka kuzungumza nao.

Ajabu ni hii: filamu iliyopigiwa kelele ni ya upole kuliko kitabu. Kitabuni Alex anawachukua watoto wawili wa kike dukani kwa santuri, wa umri wa miaka 10, anawalewesha na kuwanajisi. Kubrick aliwafanya wasichana wakubwa, wenye hiari yao, akaipitisha sehemu nzima kwa kasi kama mchezo, na muziki wa Rossini juu yake. Anayekuja kwenye kitabu akitokea kwenye filamu hupigwa na butwaa hapo hapo. Mimi nilikuja kwa njia hiyo. Nilikifunga kitabu siku mbili.

Sasa Uingereza. Filamu ilipofika huko mwaka 1972, magazeti yakaanza kuifunga kila uhalifu wa vijana shingoni. Kesi moja inafaa kutajwa. Kijana wa miaka 16 huko Bletchley alimuua mzee asiye na makazi, na mahakamani wakili wake akailaumu A Clockwork Orange. Kijana mwenyewe alikuwa amewaambia polisi kwamba ni marafiki zake waliomsimulia habari za filamu hiyo. Walimsimulia! Wahenga walisema akili za kuambiwa changanya na zako, lakini hapa hata mahakama ililetewa za kuambiwa.

Familia ya Kubrick ikatishiwa, naye akaiondoa filamu yake mwenyewe katika kumbi za Uingereza. Haikurudi rasmi hadi mwaka 2000, baada ya kifo chake mwaka 1999. Ukumbi wa Scala wa London ulipoionyesha bila ruhusa ulishtakiwa, ukafungwa mwaka 1993. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha Waingereza kilichokuwa na maoni makali kuhusu filamu kisichoweza kuiona ukumbini. Kilichowaudhi, au kuwavutia, ni uvumi.

Wasomaji nao hawakusoma kitabu kimoja. Toleo la Uingereza lina sura 21. Mchapishaji wa Marekani aliikata ya mwisho, ile ambayo Alex anaanza kuchoka na fujo na kuwaza kupata mtoto. Wamarekani hawakuipata hadi mwaka 1986. Kubrick alifuata toleo lililokatwa. Alisema sura hiyo aliisoma akiwa karibu kumaliza mswada, na haikumshawishi. Nami hainishawishi kama fasihi, imetulia ghafla mno. Lakini msimwambie Burgess. Alipotunga mchezo wa jukwaani kutokana na riwaya hii, mwishoni alimleta mtu mwenye ndevu kama za Kubrick, anapiga tarumbeta wimbo ule ule wa mvua, na kumfukuza kwa mateke.

Nimalizie na kiti, kile ambacho Alex, akiwa mfungwa, anakalishwa ili atibiwe ukatili wake. Amefungwa kamba, kope zimebanwa kwa vyuma, analazimishwa kutazama filamu za ukatili hadi azitapike. Mtu aliyesimama kando yake akimdondoshea dawa machoni hakuwa mwigizaji. Alikuwa daktari wa kweli, kwa sababu macho ya McDowell yalihitaji kulindwa. Hata hivyo konea ya jicho lake ilikwaruzwa.

Sasa tutazime taa tuione sehemu ya daraja, kisha ya kiti. Ni dakika chache. Mlango sijaufunga, na anayetaka kutoka asione haya kutupita mbele.