Madeni Yetu kwa Sarafu za Wengine

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Mmenipa mada ya mustakabali wa mfumo wa fedha wa kimataifa. Ni mada pana kiasi kwamba mtu anaweza kuizungumzia saa tatu asiseme kitu, kwa hiyo nitaibana. Kila ninapokaa na watu naulizwa swali moja: dola itaanguka lini? Mimi naona swali hilo halitufikishi mbali. Linalotuhusu zaidi ni kwamba tunakopa kwa sarafu gani, na sisi kwa sisi tunalipana kwa sarafu gani.

Nianze na dola yenyewe ili tusidanganyane. Mwaka 1999 ilikuwa takriban asilimia 71 ya akiba za fedha za kigeni za benki kuu duniani. Leo iko chini ya asilimia 60. Imeshuka, lakini imechukua robo karne. Na katika masoko ya kubadilisha fedha, uchunguzi wa mwaka 2022 wa Benki ya Malipo ya Kimataifa, ile ya Basel, ulikuta dola iko upande mmoja wa asilimia 88 ya miamala yote. Anayesubiri dola ife ndipo mambo yake yanyooke, atasubiri sana.

Turudi nyuma kidogo. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, jimbo la New Hampshire. Afrika ilikuwa na Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, basi. Sisi wa Tanganyika, Kenya na Uganda hatukuwepo. Fedha yetu ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, yenye makao London, na shilingi ilifungwa kwenye pauni. Hatukuwa na benki kuu zetu hadi 1966.

Kabla ya mkutano ule, mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alikuwa ametoa pendekezo ambalo mpaka leo nikilisoma nasikitika kwamba halikupita. Alitaka nchi zilipane kupitia chombo kimoja, kwa sarafu ya kwenye vitabu tu aliyoiita bancor, isiyo mali ya taifa lolote. Unachouza na unachonunua vinaandikwa, kinachobaki ndicho unachodai au unachodaiwa. Na utamu uko hapa: mwenye ziada kubwa kupita kiasi naye alitozwa, kama mwenye nakisi. Anayeuza kila siku bila kununua kwa wenzake ahesabiwe kuwa sehemu ya tatizo. Harry Dexter White wa Hazina ya Marekani alikataa, na wakati ule mwenye ziada alikuwa Marekani. Mwenye nguvu mpishe. Dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa wakia, sarafu nyingine zikafungwa kwenye dola, na mzigo wa kujirekebisha ukaachiwa mdaiwa peke yake. Wenye umri wangu mnaokumbuka foleni za sukari na sabuni, kisha masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ya mwaka 1986, mzigo huo mnaujua bila kusoma kitabu.

Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani alifunga dirisha la dhahabu, yaani alikataa kuendelea kubadilisha dola kwa dhahabu, na mfumo ule ukaisha kwa hotuba ya jioni moja. Shilingi za Tanzania, Kenya na Uganda zilizokwisha kutoka kwenye pauni zikaning'inia kwenye dola, na mwaka 1975 zikahamia kwenye SDR, ile akiba ya hesabu iliyobuniwa na IMF mwaka 1969, ambayo thamani yake hupimwa kwa kikapu cha sarafu kadhaa. Vijana wengi hushangaa wakisikia hili. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi maskini haiwezi kukaa nje ya dola, mwambie tumewahi. Ila tulikaa tukiwa na udhibiti mkali wa fedha za kigeni na soko la magendo lililokuwa na bei yake.

Sasa njooni kwenye mfano ninaotaka tuukalie, nao ni wa majirani zetu Kenya. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani ya miaka kumi, riba asilimia 6.875. Wakati huo dola moja ilikuwa shilingi 87 na ushee za Kenya. Kwa shilingi, deni lile lilikuwa kama bilioni 175. Januari 2024, miezi mitano kabla ya siku ya kulipa, dola ilikuwa imevuka shilingi 160. Deni lilelile, bila kuongezewa hata senti, likasomeka zaidi ya bilioni 320. Mkulima wa chai wa Kericho hakulifanya kosa lolote hapo katikati. Benki Kuu ya Marekani ilipambana na mfumuko wa bei wa kwao, ikapandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, na fedha zikakimbilia huko. Februari 2024 Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa asilimia 9.75 ili ilipe sehemu kubwa ya deni la kwanza. Soko likatulia, shilingi ikarudi hadi kama 130. Yaani kulipwa au kutolipwa kuligeuza thamani ya sarafu kwa wiki chache.

Yapo yanayofanyika kukwepa hali hii. Oktoba 2025 Kenya iligeuza mikopo mitatu ya reli ya SGR kutoka Benki ya Exim ya China, ikaitoa kwenye dola na kuiweka kwenye yuan. Hazina yao ilisema itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka, kwa sababu riba ya dola ilikuwa ya kupanda na kushuka, na ya yuan iko chini. Nawapongeza, hesabu inaeleweka. Lakini kaeni nayo vizuri. Kenya hununua China vitu vingi mno kuliko inavyouza huko. Hizo yuan za kulipia zitatoka wapi? Zitanunuliwa, na mara nyingi zitanunuliwa kwa dola. Nafuu ya riba ni ya kweli. Uhuru, hapana.

Dhahabu pia. Februari 2022 Urusi iliona kama dola bilioni 300 za akiba yake zikizuiliwa, na benki kuu nyingi zikapata somo. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Tanzania nayo imo: tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu, ambayo inawalipa kwa shilingi. Hili nalikubali bila kigugumizi, maana tunajenga akiba kwa kitu tunachokichimba wenyewe Geita. Ila meli ya mafuta ikitia nanga Dar es Salaam haitalipwa kwa tofali la dhahabu.

Sarafu za kidijitali nitazipita haraka. Zile zinazotumika kweli kwenye biashara karibu zote zimefungwa kwenye dola, na Julai 2025 Marekani ilizitungia sheria. Kijana anayezinunua Kariakoo akidhani anaikimbia dola anaizidishia wateja.

SDR je? Agosti 2021 IMF iligawa SDR zenye thamani ya dola bilioni 650, mgawo mkubwa kuliko wote. Afrika nzima ikapata kama bilioni 33, kwa sababu mgawo unafuata hisa na si shida. Kubadilisha hilo kunahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16. Hesabu mnaiona.

Nimalizie na jambo ambalo halihitaji kura ya Washington. Lori linatoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, nauli ni dola. Kongo sasa iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa mno ya amana za benki zake ni dola. Pale Namanga wabadilisha fedha wanabadilisha shilingi kwa shilingi siku nzima bila kuiona dola, lakini mfanyabiashara mkubwa akilipa kupitia benki, mara nyingi malipo yanazunguka New York. Mfumo wa malipo wa Jumuiya upo. Ule wa Afrika nzima, PAPSS, ulizinduliwa Accra Januari 2022. Njia zimeshatengenezwa, kinachokosekana ni magari.

Badala yake tunazungumza sarafu moja. Itifaki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likawa 2024, sasa ni 2031. Someni vigezo vyake: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi 3, na kila nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Ili tuingie kwenye sarafu yetu wenyewe tunatakiwa kwanza tukusanye dola. Silaumu, ni tahadhari ya kawaida. Lakini mimi ningeanza na kitu kidogo zaidi, ambacho Keynes angekitambua: benki kuu zetu ziandike tunachouziana, zisubiri miezi mitatu, halafu zilipane tofauti tu. Tanzania na Kenya zinaweza kuanza zenyewe bila kumsubiri mtu wa saba wala wa nane, na mwenye ziada akizidisha, atozwe.

Asanteni. Mama wa safu ya tatu ameinua mkono tangu niliposema dhahabu, tuanze naye.