Nyampara Aliyenikabidhi Mwanafunzi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie urekebishaji wa wafungwa. Utaalamu sina. Mimi ni seremala niliyehukumiwa miaka 9 kwa wizi, nikatumikia 6. Hiyo 3 msidhani nilipendelewa: ni theluthi ambayo Sheria ya Magereza ya 1967 inampunguzia mfungwa mwenye nidhamu na bidii.

Neno nyampara nyie watu wa Tabora mna haki nalo kuliko mtu yeyote. Zamani nyampara alikuwa mkuu wa wapagazi katika misafara ya Wanyamwezi ya kupeleka pembe za ndovu pwani. Leo ukilisikia jela, ni mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Misafara imekwisha, mzigo umebaki! (Kicheko.)

Sasa, karakana yetu ilikuwa na nyampara mzee, mkimya. Mwaka wa kwanza nilishika randa kwa kuwa nimeamriwa, basi. Nilikuwa najiuliza, nijifunze ili aniajiri nani? Asubuhi moja akaniletea kijana, hana hata wiki ndani, macho bado mekundu. Akasema, "Huyu wako. Akiharibu mbao, umeharibu wewe." Akaenda zake.

Kijana hakujua namba. Futi kamba ameishika kama nyoka. Nikaokota kipande cha mninga, nikamchorea mistari kwa mkaa: hapa moja, hapa mbili. Baada ya siku kadhaa nikamwachia achonge ulimi na tundu, ile maungio ya mguu wa meza. Ulimi wake ukawa unacheza ndani ya tundu kama jino bovu. Nikafungua mdomo nimfokee. Halafu nikakumbuka ya kwangu. Na yangu ilikuwa inacheza, ila mimi nilishajua kuijaza gundi na vumbi la mbao, ukipiga msasa hakuna anayeona.

Nitamfundishaje hilo? Yaani nimefungwa kwa wizi, halafu nimfundishe mtoto wa watu kuficha! Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaivunja meza yangu, nikaanza upya mbele yake.

Ndani tulikuwa na wahubiri, tuna masheikh, tuna mafunzo ya ufundi. Vyote vilinisaidia, sivibezi. Lakini wale wote walikuja kunipa. Yule kijana alikuja kunidai, kila asubuhi, na deni lile ndilo lililoninyoosha.

Kutoka jela nitawaeleza kwa ufupi, maana hakuna raha. Nilikuwa na mfuko wa rambo wenye shati mbili. Ufundi ninao kichwani, mkononi sina hata patasi. Nyie wenye karakana hapa, kumbukeni hilo mkimwona mtu wa namna yangu mlangoni. Fundi mmoja alinipokea. Mchana tunacheka vizuri tu, jioni anahesabu patasi zake huku nimesimama. Miezi 4, kila jioni. Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe nisingejiamini.

Leo nina kibanda changu na vijana wawili. Mmoja alitoka gerezani mwaka jana. Patasi zangu ni 11. Jioni, tukishafagia, yeye ndiye anayezihesabu na kufunga sanduku. Ufunguo anaondoka nao.