Mwanga Ufuate Sindano: Taa za Chumba cha Kushonea Nyumbani

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo. Nimeombwa nizungumze nanyi mnaoshonea nyumbani kuhusu taa, na nimelifurahia ombi hilo, maana hili ni jambo tunalolilipia kwa macho yetu kila usiku na hatulizungumzi.

Nianzie barazani. Hapa kwetu Tanga, kama ilivyo Mombasa na Unguja, fundi cherehani utamkuta nje, amekaa kibarazani na cherehani yake imeelekea barabarani. Wengi hudhani anafuata upepo na wateja. Hayo nayo yamo. Lakini marehemu baba yangu, aliyeshonea Singer nyeusi ya miguu, aliisogeza meza yake mara mbili tatu kwa siku, na wateja walikuwa wale wale. Alikuwa akifuata mwanga. Baraza ina paa, kwa hiyo jua halikupigi. Iko wazi, kwa hiyo anga lote linakumulikia kitambaa. Sisi tuliohamia chumbani, kwa sababu ya watoto na kwa sababu nafasi ya kushona tunaipata usiku, tuliingia na cherehani, mwanga tukauacha nje.

Halafu tukadhani dawa ni balbu kubwa ya darini. Kosa letu liko hapo, na nitakaa hapo kidogo.

Mwanga unaofika kwenye kitambaa hupimwa kwa luksi. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka luksi 750 kwa mtu anayeshona, 1,000 kwa anayekagua rangi za vitambaa, na 1,500 kwa anayetia viraka visivyotakiwa kuonekana. Sasa chukua balbu ya LED ya wati 9, yenye lumeni kama 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu), hii tuliyonayo karibu sote. Ukiitundika darini, mita 2 juu ya meza, mwanga unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye kitambaa ni luksi 20 hivi, ukiacha ule unaorudi kutoka ukutani. Ishushe balbu hiyo hiyo hadi sentimita 40: umbali umepungua mara 5, na mwanga unaongezeka mara 25. Ivalishe kofia ya taa ili isimwage mwanga pembeni, umeshazifikia zile 750, na hujanunua balbu nyingine wala hujaongeza wati.

Na balbu ya darini ina ubaya wa pili. Mara nyingi iko nyuma ya kichwa chako. Unainama kuitazama sindano, kivuli chako kinakutangulia kufika.

Taa ya mezani yenye shingo ya kupinda ndiyo ninayoipendekeza, au ile ndogo yenye sumaku inayonata kwenye mwili wa cherehani. Iwekeni mbele kushoto. Tazameni cherehani yenyewe: mwili wake mzima uko kulia kwa sindano, kwa hiyo taa ikitoka kulia inakingwa na chuma. Kwa kazi ya mkono, anayetumia mkono wa kulia ataka mwanga wa kushoto, na wa mashoto atageuza. Balbu isionekane kwa macho yako ukiwa umekaa, ikikutazama, inakupofusha. Ila taa ya darini msiizime. Jicho linalotoka kwenye kitambaa cheupe likaangalia giza, likarudi tena, mara mia kwa saa, huchoka upesi.

Wakubwa zangu, hili nawaambia kwa mapenzi: jicho la mtu wa miaka 60 hupata kama theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 chini ya taa ile ile. Mboni imekuwa ndogo na lenzi imepata umanjano. Kwa hiyo mama akisema haoni tundu la sindano na binti akamjibu "mbona mimi naona," wote wawili wanasema kweli. Mama aongezewe taa, na miwani akapimwe.

Sasa rangi. Niliwahi kupokea sare za harusi, kitambaa cha kijani kibichi. Uzi niliuchagua usiku chini ya balbu ya njano, nikaona umelala kabisa juu ya kitambaa, haujulikani. Nikashona mapindo yote. Asubuhi nikazitoa uani kuzikagua: uzi ulikuwa na ubuluu, unaonekana toka mlangoni. Gauni kumi na mbili nilizifumua kwa wembe, moja moja, na harusi ilikuwa kesho yake.

Sababu ni kwamba dawa iliyotia rangi kitambaa si ile iliyotia rangi uzi. Chini ya taa moja zinafanana, chini ya nyingine zinaachana. Kwa hiyo mnaponunua balbu, someni boksi. Namba yenye K inasema rangi ya mwanga: 2700 ni ya njano kama ya sebuleni, 4000 ni nyeupe iliyotulia, 6500 inakaribia mwanga wa mchana na ina ubuluu. Mimi natumia 4000 kwa kushona na 6500 kuchagulia nyuzi. Lakini iko namba nyingine ambayo watu hawaitazami, ile ya Ra au CRI, inayosema balbu inazionyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani. Mwisho wake ni 100. Nyingi za dukani ni 80. Tafuteni 90 na zaidi, hata kama bei imepanda. Balbu duni huiumiza sana rangi nyekundu: kisutu kinakuwa kama kimefifia kwa miaka kumi, na nyekundu iliyoiva inaelekea kahawia.

Anayeshona mfarishi wa vipande hili linamhusu kuliko wote. Unapopanga vipande vya khanga na vitenge, kupanga rangi ndiyo kazi yenyewe. Kipange mchana kile utakachokishona usiku. Vibane vipande kwa pini, uviweke kwa mpangilio wake, taa ije ikusaidie kushona tu.

Naomba mtuzimie taa za ukumbini kidogo. Ahsante. Hiki ni kitambaa cha baibui, na pindo limeshonwa kwa uzi mweusi. Nashika taa juu yake, hivi. Mama wa mbele, unauona mshono? Hauonekani. Kitu cheusi kinaumeza mwanga, hata ukileta balbu ya namna gani. Sasa naishusha taa pembeni, karibu kabisa na meza, mwanga ulambe kitambaa kwa ubavu. Tazameni. Kila tundu lililotobolewa na sindano lina kivuli chake, na mshono mnaweza kuuhesabu. Taa ni ile ile. Na hii kofia ya viua, nyeupe juu ya nyeupe: kutoka juu ni weupe mtupu unaoumiza macho, kutoka pembeni kila kiua kimesimama. Washeni, ahsanteni.

Dirisha. Vitabu vya ushonaji vya Ulaya hushauri dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua halipiti huko. Msiufuate ushauri huo hapa. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, upande wa kusini kidogo. Saa sita mchana jua la Tanga linakuwa upande wa kusini tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na miezi mingine liko kaskazini. Basi meza yenu ihame na msimu. Dirisha la mashariki na la magharibi yataka pazia jepesi jeupe, na vitambaa vya wateja visilale hapo, jua litavichuja.

Jambo la hatari. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na taa za bei ya chini huwaka na kufifia mara 100. Macho hayalioni, ila kichwa kinauma, na gurudumu la cherehani linalozunguka laweza kuonekana kama limesimama. Elekezeni kamera ya simu kwenye taa: mkiona mistari myeusi ikipita, taa hiyo si ya kushonea.

Kuhusu LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, msiogope. Taa mbili za wati 9, saa 4 kila usiku, mwezi mzima, ni yuniti 2 na kidogo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo inakula yuniti 1 kwa saa moja tu.

Swali la mama wa nyuma: umeme ukikatika? Taa ya kuchaji inafaa, na ya sola pia, lakini nyingi zina ubuluu. Shona nayo mishono iliyonyooka kwenye kitambaa cha rangi moja. Uzi usichague nayo, wala usikate kitambaa cha mtu.

Pale mezani nimeweka kitambaa kimoja cha kijani na vidonge sita vya uzi, chini ya balbu ya njano. Mkitoka, kila mmoja achague uzi anaoona umefanana nacho, achukue na kipande cha kitambaa, kisha atoke navyo hadi barazani.