Mipira mitano hewani, kutoka mitatu

Habari zenu wadau. Leo kwenye mchezo wa kurusha na kudaka mipira kwa zamu bila kuiangusha, tunatoka mipira mitatu kwenda mitano. Kama mitatu bado inakutoroka, video hii iache kwanza, utajichosha bure.

Tuanze na vifaa. Mpira wa tenisi sikushauri, ukianguka unadunda na utaufukuza mpaka mtaroni. Badala yake shona vifuko vya kurusha: soksi kuukuu, sindano, uzi na choroko kavu. Nenda kwa Mangi umwambie akupimie gramu 120 mara tano, kila fungu mbali. Atakushangaa, lakini usikadirie kwa mkono, maana vifuko vikipishana uzito havipandi sawa hata ukirusha vizuri.

Mahali pa kufanyia je? Coco Beach inatoa picha nzuri, ila upepo wa bahari ukishika kifuko kilichopanda juu, kinadondokea kwa mwenye mihogo. Tafuta ua wenye ukuta, au darasa tupu jioni. Simama hatua moja kutoka ukutani, ukuta ukuzuie kusogea mbele. Kama uko ndani, zima feni ya dari. Nasema kweli, zima.

Sasa tazama kimo, maana wengi wanakwama hapa huku wakidhani tatizo ni mikono mizito. Kitu kikikaa hewani sekunde moja kinapanda kama mita 1.2. Ukitaka kikae sekunde mbili, kinahitaji mita 4.9, yaani mara nne. Kila kifuko unachoongeza kinadai muda zaidi hewani, na muda huo unaupata juu. Lakini kadiri unavyorusha juu, kosa dogo la kiganja linakuwa kubwa kikishuka. Kwa vitano, anza na kimo cha mkono ulionyooshwa juu ya kichwa, kisha panda kidogo.

Macho yabaki kule juu, usitazame mikono. Waliocheza mdako utotoni wataelewa haraka: jicho linafuata kijiwe hewani, mkono unachota chini wenyewe.

Hatua ya kwanza, shika vitatu tu. Virushe kwa kile kimo cha vitano, kulia, kushoto, kulia, kisha piga makofi mawili kabla ya kudaka. Makofi hayo ni nafasi za vifuko viwili ambavyo bado hujavishika. Kofi la pili likikosa nafasi, hujarusha juu vya kutosha. Rudia ukianzia kushoto. Usiruke hatua hii, hata kama inachosha.

Ya pili, vitatu mkono wa kulia, viwili kushoto. Anza na kulia. Rushia ndani, karibu na kitovu, daka kwa nje, ili kinachopanda kisigongane na kinachoshuka. Rusha vyote vitano, daka vyote vitano, simama. Usirushe mara ya sita kwa tamaa. Vikigongana katikati, mkono mmoja unarusha chini kuliko mwingine. Mara nyingi ni ule dhaifu.

Ya tatu, endelea hadi madako kumi. Kwa wanaoshindana, kudaka kila kimoja mara moja hakutoshi kusema unaviweza. Kila kimoja kidakwe angalau mara mbili. Ndiyo maana Alex Barron wa Uingereza aliporusha mipira 11 jijini London mwaka 2012, alihitaji madako 22. Alipata 23. Moja tu la ziada, na ikawa rekodi ya dunia.

Kuhesabu huku unarusha ni kazi, kwa hiyo jirekodi. Weka simu mbali, kilele cha mipira kionekane, kisha tazama taratibu na uhesabu kila kinachoingia kiganjani. Kilichogonga kifua ukakikumbatia hakihesabiwi.

Video ijayo ni sita. Hapo vifuko havivuki kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kama leo: kila mkono unabaki na vyake vitatu, na mkono wa kushoto utakoma.