Dohani Ndefu na Mvua ya Asidi

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Wale mliokwisha kunisikia nikizungumzia jambo hili la mvua ya asidi mtanivumilia, maana nitalirudia leo, na nitaendelea kulirudia hadi siku nitakapoacha kuulizwa swali lile lile: kwa nini viwanda visijengewe tu dohani ndefu zaidi, moshi ukaenda zake juu?

Kemia yenyewe mnaijua, kwa hiyo sitakaa nayo sana. Makaa ya mawe, mafuta mazito na mawe mengi ya madini yana salfa, na yakichomwa hutoa dioksidi ya salfa. Joto kali la injini na matanuri nalo huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewa tunayoivuta, zikapatikana oksidi za nitrojeni. Gesi hizi zikikaa angani kwa saa au siku kadhaa hugeuka kuwa asidi ya salfuriki na asidi ya nitriki, kisha hushuka pamoja na mvua, theluji au ukungu, au hata zikiwa kavu. Najua yupo atakayeniambia kwamba mvua yote ina asidi. Ni kweli, mvua safi huwa na pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya karibu 5.6 kwa sababu ya dioksidi ya kaboni iliyoyeyukia ndani yake. Lakini kila pH inaposhuka kwa 1, asidi huongezeka mara 10, na maeneo yaliyoathirika yamewahi kupata kwa miaka mingi mvua yenye pH iliyo chini ya 4.5. Anayetumia ukweli ule wa kwanza kuufunika huu wa pili hatufundishi kemia.

Muda huo wa siku kadhaa angani ndio ninaotaka muushike, kwa sababu ndani yake upepo husafiri mamia ya kilomita. Baada ya ukungu wa moshi uliofunika London mwezi wa Desemba 1952 na kuua maelfu ya watu, nchi za viwanda zilianza kupima hewa kwa bidii, na vipimo vikawekwa pale watu wanapopumulia, yaani chini, karibu na kiwanda. Mwenye kiwanda akafanya jambo la busara kwa upande wake: akarefusha dohani. Kipimo kikasoma vizuri, mkaguzi akaridhika, na salfa iliyotoka haikupungua hata kilo moja. Ni sawa na mtu anayefagia uwanja wake, akarundika taka mlangoni kwa jirani, kisha akadai tuzo ya usafi.

Mfano ninaoupenda ni wa Sudbury, jimboni Ontario, nchini Kanada. Huko waliyeyusha mawe ya nikeli na shaba tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hapo mwanzo mawe hayo yalichomwa juu ya marundo ya kuni mahali pa wazi, moshi ukitambaa ardhini. Misitu ilikufa, udongo ukasombwa na maji, miamba iliyobaki ikageuka myeusi. Mwaka 1972 ikaanza kutumika dohani yenye urefu wa mita 381, iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani wakati huo, na hewa ya mjini ikawa nafuu, jambo ambalo sitalikanusha. Lakini gesi iliyoacha kumwasha koo mkazi wa Sudbury iliendelea na safari hadi kwenye maziwa ambayo wakazi wake hawakuwahi kuuona mgodi huo. Nafuu ya kweli ilikuja serikali ya jimbo ilipoacha kuangalia urefu wa dohani na kuanza kuhesabu tani zinazotoka. Viwanda vikalazimika kukamata salfa na kuifanya asidi ya kuuza, ardhi ikanyunyiziwa chokaa na kupandwa miti, na pH ya maziwa mengi ikaanza kupanda. Mwaka 2020 dohani ile ikaacha kutumika, kwa kuwa gesi ilikuwa imepungua kiasi kwamba dohani fupi zaidi zilitosha. Wanaoniuliza kuhusu urefu wa dohani huwa naanza kwa kuwauliza kwa nini hiyo iliachwa.

Ulaya nayo ilikuwa na mkondo wake. Mwaka 1967 mwanasayansi wa udongo wa Uswidi, Svante Odén, aliandika gazetini kwamba asidi inayoanguka nchini mwake ilitoka katika nchi nyingine. Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizolaumiwa, ilibisha kwa miaka mingi. Wakati ubishi ukiendelea, majira ya kuchipua ya mwaka 1975 samaki walikufa kwa wingi katika mto Tovdal, kusini mwa Norwe. Msiwaze kwamba ilinyesha mvua moja kali siku hiyo. Theluji huhifadhi asidi ya majira yote ya baridi, kisha maji ya kwanza yanayoyeyuka huondoka na sehemu kubwa ya asidi hiyo kwa mkupuo mmoja, wakati ambapo mayai na vifaranga vya samaki ni dhaifu kabisa.

Aidha, si lazima samaki auawe na asidi yenyewe. Asidi ikipita kwenye udongo huyeyusha alumini iliyokuwa imefungwa humo, na alumini hiyo huharibu matamvua ya samaki hadi akashindwa kupumua na kulinda chumvi ya mwilini. Na hata asipoguswa na alumini, anaweza kufa njaa. Mwanaikolojia wa maziwa David Schindler na wenzake walilichukua ziwa dogo la Ontario, lililopewa namba 223, wakalitia asidi ya salfuriki kidogo kidogo kuanzia mwaka 1976, hadi pH ikashuka kutoka karibu 6.8 hadi karibu 5.0. Kamba wadogo na vidagaa walitoweka mapema, pH ikiwa bado juu ya 5.5, na samaki wakubwa aina ya trauti wakaendelea kuogelea kana kwamba hakuna kitu. Aliyekuwa akihesabu trauti peke yao angeandika kwamba ziwa ni zima, ilhali chakula chao kilikuwa kimekwisha, wakakonda na kuacha kuzaa.

Kuna pingamizi kwamba salfa hii ni ya volkano, si ya viwanda, nalo nalijibu haraka: volkano hutoa salfa, naam, lakini barafu ya Greenland imehifadhi salfeti (chumvi inayotokana na salfa ya angani) ya kila mwaka, na inaonyesha ikipanda pamoja na viwanda katika karne ya 20, kisha ikishuka baada ya sheria kuwekwa. Volkano hazisomi sheria.

Kuna pia wanaosema kwamba tuliogopeshwa bure, kwa kuwa leo hatusikii tena habari hizi. Hatuzisikii kwa sababu kazi ilifanyika. Mkataba wa Geneva kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka ulitiwa saini mwaka 1979. Itifaki ya Helsinki ya mwaka 1985 ikadai salfa ipunguzwe kwa asilimia 30, ingawa Uingereza na Marekani hazikujiunga nayo. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza dioksidi ya salfa kwa tani milioni 10 chini ya kiwango cha mwaka 1980. Viwanda vya umeme vikapewa vibali vya kutoa tani maalumu za gesi hiyo, vikaruhusiwa kuuziana, na vipimo vikafungwa kwenye dohani zenyewe ili urefu usimsaidie mtu. Gharama zikawa ndogo kuliko wenye viwanda walivyotabiri. Wengine walihamia makaa yenye salfa kidogo. Wengine waliosha moshi kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, wakabaki na jasi ya kutengenezea vibao vya kuta.

Hata hivyo, udongo hauponi kwa kasi ya hewa. Katika msitu wa Hubbard Brook, jimboni New Hampshire, Marekani, asidi ya miongo mingi ilikuwa imesomba kalsiamu ya udongo, hata watafiti wakalazimika kuirudisha kwa helikopta mwaka 1999 katika bonde moja la majaribio, na hali ya miti aina ya mimepo ikawa bora.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na habari za marumaru na masanamu yanayoliwa na mvua hii nitaziacha. Nibakishe amonia, ambayo wengi huisahau kwa kuwa si asidi. Hutoka kwenye samadi na mbolea, huanguka mbali, kisha bakteria wa udongo huigeuza kuwa nitreti na kuacha asidi nyuma. Kadiri salfa inavyopungua, ndivyo sehemu ya amonia katika asidi inayobaki inavyozidi kuwa kubwa. Itifaki ya Gothenburg ya mwaka 1999 iliiwekea ukomo, na njia za kuipunguza ni rahisi kueleza ingawa wafugaji hawazipendi: kufunika matangi ya samadi, na kuingiza samadi ya majimaji moja kwa moja ndani ya udongo badala ya kuirusha hewani.