Uso Usimezwe na Wino: Kazi ya Mchoraji wa Vitabu vya Watoto

SALUM: Karibuni. Leo ni zamu ya mchoraji wa vitabu vya picha vya watoto. Dada Rehema, naomba tuanzie kiwandani kwa mchapaji, penseli tutaifikia.

REHEMA: Huko ndiko kwenyewe, kaka. Chukua uso wa mtoto mweusi. Mchoraji ameupaka vizuri, kwenye skrini unang'aa. Kitabu kinarudi kutoka kiwandani: shavu limeungana na nywele, yamebaki macho meupe mawili yakielea gizani.

SALUM: Kilichoumeza ni nini hasa?

REHEMA: Rangi zote kitabuni ni vitone vya wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kitone kikigusa karatasi kinatanuka, na kwenye karatasi inayofyonza kinatanuka zaidi. Palipo pepesi hapana shida. Palipo na giza vitone vilishakaribiana, vikitanuka vinaziba kabisa. Kama kahawia yako uliipata kwa kuongeza nyeusi, umeshapoteza pua, kope na kile kivuli cha chini ya mdomo.

SALUM: Na dawa yake?

REHEMA: Kahawia ijenge kwa njano na majenta, na samawati kidogo ya kuipoza. Nyeusi iwekee akiba mboni, nyusi na nywele. Kisha tafuta mwanga: paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu. Hapo paache pawe pepesi kuliko unavyopenda, maana mashine itaongeza giza lake. Halafu omba ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile ya kitabu. Ukionyeshwa kwenye karatasi nyingine ya kung'aa, bado hujaona kitu.

SALUM: Hapa lazima tumtaje Tom Feelings, Mmarekani mweusi wa Brooklyn. Ndiye aliyechora Moja Means One mwaka 1971 na Jambo Means Hello mwaka 1974, vitabu vya kuwafundisha watoto wa Marekani hesabu na maneno ya Kiswahili. Maneno ni ya Muriel Feelings, ambaye alikuwa amefundisha Uganda. Vyote viwili vilipata nishani ya heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto, 1972 na 1975.

REHEMA: Na tazama alivyofanya: kila mchoro ulichapwa kwa bamba mbili, yaani bati za kuchapia, kila rangi na yake: nyeusi na rangi ya udongo. Ile ya udongo inabeba joto la ngozi, nyeusi inabaki kuchora umbo. Hicho ni kichwa kilichofikiri kuhusu mashine kabla ya kushika brashi. Mimi namheshimu sana kwa hilo.

SALUM: Tuje kwenye kurasa. Kwa nini kitabu cha picha huwa na kurasa 32?

REHEMA: Karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 16. Karatasi mbili, kurasa 32. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 na wa 3 ni hakimiliki na tabaruku. Hadithi inaanza wa 4 na 5, kwa hiyo unabaki na jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 32 peke yake mwishoni. Kwetu vingi ni vya kurasa 16 au 24 vya kubana pini. Hesabu ni ileile, ila igawanyike kwa 4.

SALUM: Na huo wa mwisho wengi wanaupoteza.

REHEMA: Wanaujaza maua! Ule ndio wa kumwonyesha mtoto jambo ambalo maneno hayakulisema.

SALUM: Hatua sasa. Ukishausoma mswada?

REHEMA: Chora jozi zote ndogondogo kwenye karatasi moja. Hapo utaona kama umewachora wahusika kwa mbali mno kurasa sita mfululizo. Halafu kunja kitabu cha mfano, kibandike michoro, kifunue. Swali liulizwe ukurasa wa kulia, jibu lije baada ya kufunua. Likikaa kushoto na jibu lake liko kulia palepale, mtoto keshaliona.

SALUM: Na mhusika?

REHEMA: Mchore mbele, ubavu na mgongo, akicheka, akinuna. Mtoto wa miaka mitano urefu wake ni kama vichwa vitano hadi sita, mtu mzima saba na kitu. Ukimpa mtoto vichwa saba, umechora mzee mfupi. Na hesabu vifungo vya shati! Watoto huvihesabu, na kikipungua ukurasa wa 18 watakuambia.

SALUM: Vipimo?

REHEMA: Picha ipitilize ukingo kwa milimita 3 pande zote, la sivyo kisu cha kukatia kurasa kikiteleza unabaki na mstari mweupe. Uso wala mkono usikae katikati, kwenye mshono. Ukichora kwa rangi za maji, tumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uibandike ubaoni ikiwa na unyevu ikaukie hapo, vinginevyo itajikunja na skana itatoa vivuli. Skani kwa doti 300 kwa inchi, kwa ukubwa kamili wa kuchapwa, au zaidi.

SALUM: Hili nalisisitiza mimi: maandishi yawe nyeusi tupu, kwenye tabaka lake, nje ya picha. Kitabu kikitafsiriwa, mchapaji anabadilisha bamba moja tu. Ukiandika kwa herufi nyeupe zilizotobolewa ndani ya picha, bamba zote zinarudiwa, na mchapishaji mgeni anaghairi.

REHEMA: Na kwenye mkataba, kaka, waambie.

SALUM: Malipo yagawanywe mara tatu: ukisaini, michoro ya penseli ikikubaliwa, na ukikabidhi kazi. Masahihisho yaandikwe ni raundi ngapi. Mbili zinatosha, za ziada zilipiwe. Yatajwe matumizi unayoyauza: kuchapwa, simu, katuni ya kutembea. Ukikuta neno "haki zote" na malipo ya mara moja bila mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa, uliza kitabu kikichapwa upya utapata nini. Na michoro ya asili irudi kwako.

REHEMA: Mkoba wa kuombea kazi uwe na picha 10 hadi 12, na mtoto yuleyule aonekane kwenye tatu kati ya hizo: akikimbia, akilala, akigombana. Mhariri anatazama kama ni yeye yuleyule.