Kashata 91 kwenye Sinia

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibanza chini ya feni. Wanaonijua wanajua nitakalosema. Nimelisema Kibokoni, nimelisema Likoni, na bado naulizwa lile lile: "Mwalimu, namba ikishajulikana si tasa, si kazi imekwisha?" Haijesha! Ndiyo kwanza yaanza.

Tazameni sinia hili la kashata. Kashata 12 zapangika safu 3 za nne nne, zikakaa sawa. Kashata 13 hazikubali: ama mstari mmoja mrefu, ama moja yabaki nje na mtoto aidake. 13 ni tasa: haigawiki sawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Je, 91? Wanaosema tasa wainue mikono. Mmh, wengi. Ina sura ya utasa, lakini si tasa, na nitawaonyesha bila kuipanga safu hata moja.

Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17, alisema hivi: chukua namba tasa yoyote iliyo witiri, ipunguze 1 upate kipeo, uzidishe 2 kwa 2 mara hizo, kisha ugawe kwa namba yenyewe. Baki ni 1, siku zote. Kwa 91, kipeo ni 90. Msitishike, hatuzidishi mara 90. 2 kwa kipeo cha 12 ni 4096, na 91 mara 45 ni 4095. Baki 1. Rudia mara 7 ufike kipeo cha 84, baki ni ile ile 1. Zimesalia 6, na 2 kwa kipeo cha 6 ni 64. Baki 64, si 1. Imeumbuka! Lakini vigawo vyake, zile namba zinazozidishana kuizaa, je? Hesabu haikuvitaja. Imesema tu mwizi yumo nyumbani, haikusema chumba gani. Nyinyi mnaonong'ona 7 na 13, nyamazeni, mwaniharibia.

Basi mwaka 1644 padri Mersenne aliandika orodha yake, akaitia 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, miongoni mwa namba tasa. Mwaka 1876 Lucas, mwanahisabati Mfaransa, akathibitisha si tasa, kwa kipimo cha namna hii hii, bila kigawo hata kimoja mkononi. Miaka 27 watu wajua mwizi yumo, hawamwoni! Hadi 1903, Marekani, Frank Nelson Cole akasimama mbele ya wanahisabati wenzake. Yasemekana hakutamka neno. Akaandika ubaoni 147573952589676412927, ndiyo ile 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Akahamia upande wa pili, akazidisha kwa mkono 193707721 kwa 761838257287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakalingana, akarudi kukaa. Wakampigia makofi. Alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka 3.

Na hakuwa akibahatisha. Kigawo tasa cha namba ile lazima, ukikipunguza 1, kigawike kwa 134, yaani 67 mara 2. Jaribuni kile kidogo: 193707720 kwa 134 ni 1445580, hakibaki kitu. Vingine vyote alivipita bila kuvibishia hodi.

Jirani yangu barazani aniambia, "Yakhe, siku hizi kompyuta yafanya hayo kabla kahawa haijapoa." Kweli, kwa tarakimu 21. Ndiyo maana wenye kufuli za kuficha siri kwenye kompyuta hawatumii 21. Rivest, Shamir na Adleman walilibuni lao mwaka 1977: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, kuzirudisha ni balaa. Nilitaka kuwaeleza funguo zake mbili, wa wazi na wa siri, ila magharibi yakaribia na kashata zaliwa huku nikiziona.

Mlangoni kuna karatasi. Nimechapa namba iitwayo RSA-2048, kwa herufi za majina ya wale watatu, tarakimu 617. Si tasa, hilo lajulikana, na hadharani hajatokea aliyeipasua. Atakayepata vigawo vyake aje anigongee, hata usiku wa manane.